Jina Nililompa Babu

Mwezi uliopita nilitumwa Musoma kwa semina ya siku mbili. Ofisi yetu iko Bunda, na kutoka Bunda mpaka Musoma si safari ya kumchosha mtu, lakini nilikuwa nimemaliza miaka mingi bila kulala pale mjini. Nikienda huwa nafanya kilichonipeleka na kugeuza siku hiyohiyo. Safari hii sikuwa na ujanja. Siku ya kwanza, wakati wa chai, makarani watatu vijana walijikusanya kwenye kona ya ukumbi na simu zao, wanacheza gemu la vita. Unayajua haya magemu. Unaona mikono miwili na bunduki, kana kwamba ni yako, na dunia nzima unaitazama kupitia tundu la kulengea. Nilikuwa nimeshika chapati, nasikiliza ile milio ya risasi ikitoka kwenye simu, myembamba kama mbegu zinazomwagika kwenye sinia. Halafu mmoja akacheka, akamnyooshea mwenzake kidole.

"Huyu ana sifuri," alisema. "Mechi nzima, sifuri."

Niliiweka chapati nikatoka nje, na nilirudi ukumbini mada ya pili ikiwa imefika katikati. Kama umewahi kukutana na neno moja likakurudisha utotoni, tena si kwa kukubembeleza bali kwa kukushika sikio, basi kaa hapa nikusimulie. Hili sijawahi kulisema kwa mtu asiye wa nyumbani kwetu.

Nilikulia Buhare, pembeni mwa mji, kwa babu na bibi waliomzaa mama. Mama alipata kazi Bunda, akanileta kwao nikiwa naanza darasa la kwanza, na pale nikakaa mpaka nilipomaliza la saba. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na yale mawe makubwa ya Musoma, yaliyokaa moja juu ya jingine kana kwamba mtu alikuwa anayapanga akaitwa kula. Asubuhi upepo wa ziwani ulileta harufu ya dagaa walioanikwa, na ukilala mdomo wazi ulikuwa unaamka umeshawaonja. Bibi alikuwa wa kwanza kuamka, akakaanga maandazi ya kuuza. Mimi kazi zangu zilikuwa maji, ufagio na masufuria, ambayo niliyasugua kwa majivu mpaka nikaona meno yangu ndani yake. Jioni nilisonga ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, ule wa rangi ya udongo, unaovutika ukiumega. Mboga ilikuwa mara nyingi furu, wale samaki wadogo wenye miba mingi. Babu alisema furu wanamfundisha mtoto kula bila kuropoka.

Babu alikuwa fundi baiskeli. Banda lake lilikuwa kando ya barabara, hatua chache kutoka mlangoni kwetu: nguzo nne, mabati mawili, beseni la maji la kutafutia tundu kwenye tyubu, na pampu ndefu aliyoifunga kwenye nguzo kwa mnyororo. Kujaza upepo ilikuwa bure kwa kila mpita njia. Mikono yake ilinukia grisi na gundi ya solusheni hata akitoka kuoga. Mimi aliniita "mke mdogo", kama babu wanavyotaniana na wajukuu zao, na bibi aliniita "mke mwenzangu". Chai ikichelewa, babu alisema kwa sauti ya kufika jikoni, "Huyu mke mkubwa amenichoka, mimi nahamia kwa mdogo." Bibi hakugeuza hata shingo. "Hamia," alimjibu. "Ila ujue huyo mdogo hajui kufua."

Bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka kuliko la kulia. Tulijua kwamba ujanani aliwahi kuwa askari, akaenda vita ya Uganda. Mkoa huu kila ukoo una askari wake, si jambo la kushangaza watu. Lakini babu hakusimuliaga. Wazee wengine wa pale mtaani ukiwagusa kidogo tu wanaanza na bunduki na mabomu mpaka chakula kinapoa. Yeye nilimuuliza mara nyingi vitani kulikuwaje, na kila mara alinijibu, "Tulitembea sana," halafu akaniomba nimpe spana namba kumi na nne.

Nilikuwa darasa la sita kibanda cha gemu kilipofunguliwa, jirani na mashine ya kusaga. Mwenye gemu alikuwa kijana aliyerudi kutoka Mwanza na televisheni nene, mtambo wenyewe na pedi nne za kuchezea. Alitundika pazia jeusi mlangoni, akaweka mabenchi mawili, na baada ya wiki moja uwanja wetu wa mpira ukaota nyasi golini. Mle ndani kulikuwa na joto la tanuri na harufu ya miguu. Mpira wa kwenye televisheni ulichezwa wiki za mwanzo tu. Baada ya hapo watu walitaka gemu moja, la wanajeshi waliovaa miwani na kofia za chuma, wakivunja milango katika miji ya jangwani ambayo hatukuijua hata jina. Waliongea Kiingereza cha haraka. Sisi tulishika maneno yao bila kujua maana, tukayapeleka shuleni, tukayasema tukiwa tunachota maji. Risasi ya kichwa iliitwa hedishoti, na hata mtoto wa chekechea wa Buhare alijua hedishoti kabla hajajua kuandika jina lake.

Mimi niliingia mle kwa sababu ya maandazi. Bibi alinituma na ndoo kila siku baada ya shule, na mwenye gemu alikuwa mnunuzi mkubwa. Siku moja mchezaji mmoja aliitwa nyumbani katikati ya mechi, pedi ikabaki kwenye benchi, na mwenye gemu akaniambia nishike ili mechi isiharibike. Nilikufa mara nyingi siku hiyo. Lakini kule ukifa unaamka palepale, unapewa bunduki nyingine, unaendelea. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa nawapiga watu wazima. Nilikuwa msichana peke yangu mle ndani, na nilipata jina, Kamanda. Sitakudanganya kwamba halikunipendeza. Shuleni nilikuwa mtoto wa kawaida, mwenye soksi moja fupi na moja ndefu. Kule nyuma ya pazia, nikiingia, watu walisogea.

Mechi ikiisha, ubao ulijitokeza kwenye kioo: majina yetu kwa mstari, na mbele ya kila jina idadi ya watu uliowaua. Mwenye gemu alikuwa anausoma kwa sauti kama mwalimu anayetangaza matokeo. "Kamanda, kumi na tisa. Huyu kumi na moja. Huyu sita." Na akikuta mtu hajapata hata mmoja, alinyamaza kwanza, akavuta pumzi, kisha akasema, "Sifuri," na kibanda kizima kikalipuka kwa kicheko. Hakukuwa na aibu kubwa kuliko ile. Nimeona kijana mwenye ndevu akiinuka kwenye benchi na kuondoka bila kuaga, kwa sababu ya neno hilo.

Ukishazoea kuhesabu namna hiyo, unahesabu kila kitu. Tulipocheza vita kule kwenye mawe, na bunduki zetu za mabua, tuliandika idadi kwa mkaa ukutani. Mabishano yakahamia kwa wazee wetu. Huyu baba yake mdogo alipiga ishirini, yule babu yake alipiga thelathini. Nilipoulizwa, nilisema babu yangu alipiga arobaini na moja. Ile moja niliiongeza ili ionekane kweli. Nilisema bega lake lilishuka kwa risasi, na kwamba hapendi kusimulia kwa sababu amri ilitoka asisimulie. Hakuna aliyebisha. Nilikuwa Kamanda.

Halafu siku ya mashujaa ikakaribia, na mwalimu wetu wa historia, mama mmoja mpole aliyekuwa akitokea Nyegina kila asubuhi, akasema angependa darasa lisikie kutoka kwa mtu aliyekuwepo. Wenzangu wakanigeukia wote kwa pamoja. Mwalimu akanituma kwa babu na barua. Nilidhani atakataa. Aliisoma taratibu, akaikunja, akaitia mfukoni. "Kwa shule sawa," alisema.

Asubuhi ile alinawa mikono kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni ya unga, kisha kwa limau. Alivaa koti la kaki ambalo bibi alikuwa amelipiga pasi ya mkaa. Tulikwenda shuleni pamoja, yeye akiikokota baiskeli badala ya kuipanda, ili tutembee sawasawa. Nakumbuka nilikuwa na furaha kubwa. Ile arobaini na moja nilikuwa nimeshaiamini mwenyewe, na sasa nilikuwa naenda kuthibitishwa.

Alizungumza kipindi kizima, dakika arobaini, mikono nyuma. Halafu mwalimu akauliza kama kuna maswali, na mmoja wa wale wa kibandani akanyoosha mkono.

"Babu, wewe uliua wangapi?"

Mwalimu alitaka kumkemea. Babu akamzuia kwa kiganja.

"Mwache mtoto aulize," alisema. Alifikiri kidogo. "Sikuua mtu. Mimi nilikuwaga mbeba machela. Mwenzangu mbele, mimi nyuma. Kazi yetu ilikuwa majeruhi."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Halafu vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, kuja upande wangu. Nilikuwa na sekunde chache tu za kuamua nitakuwa upande gani, na sikuzitumia hata kufikiri. Niliinama kama ninayefunga kamba ya kiatu. Nikavuta pumzi kwanza, kama alivyokuwa akifanya mwenye gemu.

"Sifuri," nilisema.

Darasa lilicheka mpaka madawati yakasogea. Mwalimu alipiga meza, akauliza nani amesema, na hakuna aliyenitaja. Babu alisubiri kelele zitulie. Sikumwona uso, maana nilikuwa bado chini na kamba ya kiatu, lakini nilimsikia vizuri.

"Mwalimu, mwache," alisema. "Amejibu sawa. Ni sifuri."

Sikurudi naye nyumbani. Nilisema nina zamu ya kufagia darasa.

Kesho yake vijana walipita bandani kwake. "Shikamoo, Babu Sifuri." Akaitika, "Marahaba," na kuendelea kukaza spoki. Wiki iliyofuata nilisikia waendesha pikipiki wakimwita hivyo, kisha akina mama wa dagaa. Baada ya mwezi mtu akikuuliza njia Buhare unamwambia, "Ukifika kwa Mzee Sifuri, kata kushoto." Na kwa kuwa watu wazima hawakujua jina lilikotoka, walilitafutia maana. Walisema anaitwa Sifuri kwa sababu upepo anajaza kwa sifuri, hachukui hata shilingi. Maana ile ilikuwa nzuri, ikashika. Bibi aliisikia sokoni, akaja nayo nyumbani anacheka. "Wamekupa jina la ukarimu, mzee," alimwambia. Babu alikuwa anakula. Alimega ugali, akachovya, akasema, "Watu wa hapa wana maneno." Mimi nilikuwa naokota miba ya furu kwenye sahani yangu. Hata wakati ule, ningeweza kusema.

Badala yake nilifanya lililo baya zaidi, na hili ndilo linaloniamsha mpaka leo.

Ilikuwa Jumamosi ya kiangazi, alasiri, barabara ina vumbi jeupe. Wale wa kibandani walibuni mchezo. Tuliyapaka mashati yetu nyanya zilizooza, tukalala chini barabarani, mbele kidogo ya banda la babu, na kuanza kuugulia maumivu. "Sifuri, njoo unibebe. Sifuri, nakufa." Mimi nilijilaza mwisho wa mstari, karibu na mfereji, uso umeelekea upande wa pili. Walikuwa wameniambia Kamanda hawezi kukosa, na kusema kweli sikuhitaji kusukumwa.

Nilidhani atatufukuza kwa spana, halafu tutakimbia tukicheka. Hakufanya hivyo. Nilisikia kitu cha chuma kikidondoka, kisha miguu ikikimbia, miguu ya mzee, kandambili zikipiga lami mbovu. Alifika kwa wa kwanza akapiga magoti. Sijui alikuwa ameona nini kichwani mwake. Nilikuwa nachungulia kwa jicho moja, nikaona mikono yake inafanya kazi haraka, inapapasa shingo, inafungua vifungo vya shati, inatafuta tundu. "Tulia," alikuwa anasema. "Tulia, tumefika." Yule wa kwanza akashindwa kujizuia, akacheka. Wa pili akacheka. Wakainuka mmoja baada ya mwingine na kukimbilia kwenye mawe.

Mimi sikuinuka. Si kwa ujasiri, ni kwamba mwili ulikataa. Nilifumba macho. Nilisikia anakuja, anapumua kama amepanda mlima. Akapiga magoti. Vidole vinavyonukia grisi vikanigusa shingoni, chini ya taya, vikakaa pale muda ambao mimi niliuona mrefu sana.

"Huyu mzima," alisema, kana kwamba kuna mwenzake amesimama karibu anayesubiri kuambiwa.

Halafu akaniita kwa jina langu, lile la shule, lililoandikwa kwenye madaftari. Akasema, "Inuka. Vumbi litakuingia machoni."

Siku mbili banda halikufunguliwa. Bibi alidhani ana malaria, akamchemshia mwarobaini, naye akaunywa. Siku ya tatu akarudi kwenye tyubu zake. Hakunipiga, hakunisema, wala hakumwambia bibi. Alinisaidia hesabu zangu kama zamani, na nilipofaulu kwenda sekondari ya bweni alinifungia sanduku langu kwenye baiskeli yake na kunisindikiza mpaka stendi. Lakini tangu siku ile hakuniita mke mdogo tena. Bibi aliliona hilo. "Mmeachana lini?" alituuliza, akitania. Babu akasema, "Amekuwa mkubwa." Mpaka anakufa, aliniita kwa jina langu.

Alikufa nikiwa nimeanza kazi. Tulimpeleka kwao Butiama, tukamzika kwenye kiwanja cha ukoo, na kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimesoma, mjomba alinipa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Nilikaa chini ya turubai na daftari magotini. Niliandika alikozaliwa, alikooa, watoto aliowaacha. Nilifika kwenye vita nikaandika, "Alilitumikia taifa," nikaweka nukta. Mjomba alisoma begani mwangu, akasema, "Umesahau jina. Watu wa Musoma wamekuja na gari zima, hawatajua ni nani." Basi nikaandika kwa mkono wangu: maarufu kwa jina la Mzee Sifuri, kwa ukarimu wake wa kuwajazia watu upepo bila malipo. Mchungaji aliposoma pale, waombolezaji walitabasamu, wengine wakafuta machozi. Bibi alitikisa kichwa kwa fahari. Nilijifunika kitenge usoni. Waliokuwa karibu yangu wakanishika mabega, wakaniambia nilie tu.

Bibi hakurudi Buhare. Alibaki Butiama, kwenye nyumba ndogo karibu na kaburi. Mwaka jana ukoo ulichanga saruji ya kulijengea, na fundi akahitaji maneno ya kuchora. Nilikwenda Jumamosi. Nilimkuta bibi ameketi kwenye mkeka, anachambua dagaa, wenye mchanga kushoto, wazuri kulia.

"Uandike jina lake lote," alisema. "Na chini yake, Sifuri. Usisahau hilo. Yeye mwenyewe alilipenda."

Ningeweza kuandika tena. Kalamu ilikuwa mkononi. Lakini jiwe si karatasi. Nilikaa chini nikamweleza yote, kibanda, ubao, darasa, nyanya, barabara. Nilimweleza bila kumtazama. Vidole vyake viliendelea na dagaa mpaka nilipofika pale babu alipopiga magoti, vikasimama.

Ng'ombe wa jirani walipita, kengele zao zikaishia bondeni.

"Mimi nilimwitaga hivyo," alisema mwishoni. "Anaumwa, amelala kitandani, hawezi kumeza. Namwambia, Sifuri wangu, kunywa uji kidogo. Nambembeleza kwa jina hilo."

"Bibi, nisamehe."

"Na alikuwa anaitika," alisema. "Ungeniambia akiwa hai, ningemwomba radhi. Sasa wewe umeutua mzigo, mimi umenitwika."

Nilikuwa nimejiambia miaka yote kwamba nikisema nitapona, na kumbe sikuwahi kufikiria atakayesikia. Alirudi kwenye dagaa wake. Tulichambua pamoja mpaka ungo ukajaa. Jioni, tukiwa jikoni, aliuliza bila kunitazama.

"Siku ile shuleni alisema nini kingine?"

"Lini?"

"Hiyo siku ya koti. Umesema alizungumza kipindi kizima. Mimi nimeishi naye miaka yote hiyo, ameniambia walitembea sana, basi. Nikimuuliza, analala. Kama aliwaambia nyinyi, niambie na mimi. Alimbeba nani? Huyo mwenzake wa mbele alikuwa nani, alirudi?"

Nilifungua mdomo nikakuta hakuna kitu. Nilimwona babu amesimama mbele ya ubao, mikono nyuma, midomo inatembea. Sauti hakuna. Dakika arobaini zile mimi nilikuwa nasubiri namba. Nilijua itakuja mwishoni, kama inavyokuja kwenye ubao wa gemu, na kila alichosema kabla yake kilikuwa kinanichelewesha.

"Sikumbuki, bibi," nilisema.

Aligeuza ugali, akaupakua, akaniwekea sahani mbele. Kaburi limechorwa jina la babu na miaka yake, hakuna kingine. Bibi ndiye aliyeamua.

Ndiyo maana mwezi uliopita, semina ilipofungwa, sikugeuza kama kawaida yangu. Nilipita kwanza Buhare. Kibanda cha gemu kimekuwa duka la dawa. Mawe ya nyuma ya nyumba yetu mengi yamepasuliwa kokoto, na pale penye banda la babu pamepita mtaro. Watoto niliwaona wamekaa barazani, wameinamia simu, gemu ni lilelile au nduguye, sasa hata pazia halihitajiki. Nilimtafuta mmoja wa wale wenzangu wa kibandani, ana duka la vifaa vya ujenzi. Alinifurahia sana, akaniagizia soda. Nilimuuliza kama anakumbuka siku babu yangu alipokuja darasani. Alicheka kwanza, kisha akaona uso wangu akaacha. Alikumbuka neno moja tu. Nilimwambia hilo ninalo.

Nikachukua pikipiki mpaka Nyegina. Mwalimu wetu amestaafu, miguu inamsumbua, lakini akili yake nzima. Alinikumbuka, akakumbuka hata darasa langu na dawati nililokaa. Nilimuuliza. Alifumba macho, akatafuta kwa dhati, na kwa muda nilidhani kitu kinakuja.

"Alikuwa na koti zuri la kaki," alisema. "Limenyooka. Na alizungumza vizuri sana, mwanangu, hilo nalikumbuka. Alizungumza vizuri sana." Alifungua macho. "Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari."

Tulikuwa zaidi ya arobaini mle darasani, na mwalimu wetu. Mtu ambaye hakuwahi kumwambia mkewe alichokiona, siku moja alinawa mikono mara tatu akaja akatuambia sisi. Nimewapigia wengine tangu niliporudi Bunda, wawili wako Dar, mmoja yuko jeshini. Naendelea kuuliza. Bibi hupiga simu kila Jumapili baada ya ibada, ananisalimia, ananipa habari za mvua na za mbuzi, halafu ananyamaza kidogo kunisubiri. Mimi namwambia bado.